Mfalme aliyewekwa na Mungu akiamuru mtu auawe, damu ni ya nani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Nimesoma kwamba Mfalme Charles I wa Uingereza aliamini amewekwa na Mungu na atajibu kwake tu. Warumi 13 nayo inasema hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Sasa mfalme wa namna hiyo akiua, nani anabeba damu? Yeye, au askari aliyetumwa?

JIBU: Amina, ndugu yangu. Tuanze na Charles mwenyewe. Mwaka 1641 Bunge lilipitisha sheria ya kumuua mshauri wake, Strafford, mtu ambaye mfalme alikuwa amemwahidi kwa barua kwamba hatapoteza uhai. Umati ukafurika Londoni, mfalme akaihofia familia yake, akawaita maaskofu. Juxon akamshauri asiridhie ikiwa dhamiri inamkataza. Williams akamwambia mfalme ana dhamiri mbili, moja ya mtu na nyingine ya kiti, na ya kiti yaweza kupitisha jambo ambalo ile nyingine inalikataa. Charles akaridhia. Strafford akakatwa kichwa tarehe 12 Mei.

Katika habari hii yote, hakuna linaloniudhi kama ushauri wa Williams. Naye alikuwa askofu!

Januari 1649, zamu ya Charles ilipofika, alisimama mbele ya gogo la kukatia vichwa akakiri, bila kutaja jina, kwamba hukumu ya dhuluma aliyoiruhusu sasa inalipwa kwa hukumu ya dhuluma juu yake. Imani yake kuhusu ufalme hakuiacha hata pale. Lakini damu ya Strafford hakumtupia Mungu, wala Bunge.

Warumi 13 inamwita mtawala mtumishi wa Mungu, na mtumishi hutoa hesabu. Daudi alipakwa mafuta, na upanga uliomuua Uria, askari wake aliyeagiza awekwe mbele vitani ili afe, ulikuwa wa Waamoni. Hata hivyo nabii Nathani alimwambia Daudi, wewe ndiwe uliyemuua.

Kuhusu askari, soma 1 Samweli 22. Sauli, naye mpakwa mafuta, aliwaamuru walinzi wake wawaue makuhani wa mji wa Nobu kwa kuwa Daudi alisaidiwa huko. Wakakataa kunyosha mkono, na Maandiko hayawalaumu popote kwa uasi. Doegi Mwedomi ndiye aliyekubali, akaua 85 siku ile, kisha akaugeukia mji wenyewe, wanawake na watoto. Amri ilikuwa ya Sauli, mkono wa Doegi, na hatia haikupungua kwa kugawanywa. Daudi aliyekuwa ameomba mikate na silaha tu pale Nobu, naye alimwambia Abiathari, kuhani aliyenusurika, kwamba yeye ndiye chanzo cha vifo vile.