Jaketi ya Kibuye, buti za dukani: maswali yenu kuhusu ubao wa theluji

Naenda Kanada kusoma na nataka kujaribu kuteleza kwa ubao wa theluji (snowboard). Ninunue kila kitu huku kwetu kwa bei nafuu? – Mwanafunzi, Kisumu

Nguo, ndiyo. Jaketi za theluji zimejaa soko la mitumba la Kibuye, na wahudumu wa bodaboda wanazivaa kila alfajiri. Uliza bale za jaketi zinafunguliwa siku gani ufike mapema uchague kamera, yaani zile bora; ukichelewa, utaachiwa fagia, yale mabaki. Igeuze jaketi ndani nje. Mishono inafaa iwe imezibwa kwa utepe, na utepe ukibanduka kama ganda la kitunguu, mrudishie mwenyewe. Kiunoni utafute kile kisketi chenye mpira cha kuzuia theluji isipande mgongoni. Kibandiko kikisema 10,000 mm, kitambaa hicho kinahimili maji vizuri, na kwa anayeanza kinatosha. Suruali ikague kwa ukali zaidi, maana siku za kwanza utakaa chini kuliko utakavyosimama. Nguo ya ndani isiwe ya pamba. Pamba ikilowa haikauki, na baridi inakuingia. Halafu usimwambie muuzaji unaenda Kanada. Bei itaruka kabla yako.

Nimeona buti za ubao za mitumba, bado safi. Nichukue? – Msomaji, Nakuru

Dada, hapa ndipo ningekuomba utoe pesa. Sifongo ya ndani ya buti hujifinyanga kufuata mguu wa aliyeivaa, kwa hivyo buti safi kwa macho inaweza kuwa imeshalegea kisiginoni. Kisigino kikiinuka, ubao haukusikii, nawe utadhani hujui kuteleza. Nunua mpya, ila ya msimu uliopita: kule kaskazini maduka hupunguza bei mwezi wa Machi na Aprili, baridi inapoisha. Jaribu ukiwa na soksi moja ndefu ya sufu, si mbili. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti virudi nyuma. Tembea nazo dukani dakika kumi, hata muuzaji akikukazia macho. Buti zitangulie; ubao utafuata baadaye.

Kuna jamaa ananiuzia ubao wa sentimita 165 kwa bei ya kutupa. Nina kilo 60. – Kaka wa Eldoret

Mwachie. Huo ni wa mtu mzito kukushinda. Wewe ungeanza na wa kama 145 hadi 150, ulio laini kupindika. Afadhali ukodi siku chache ujue kwanza ni mguu gani unapenda kutangulia. Ukija kununua uliotumika, pitisha kidole kwenye ukingo wa chuma: ukiwa umepasuka au tabaka zimeachana, hata bure ni ghali. Vile vifungio vya miguu navyo vilingane na buti zako na matundu ya ubao, kwani si kila ubao una matundu ya aina moja.

Helmeti yangu ya boda haitoshi? – Msomaji, Kakamega

Haitoshi. Ni nzito na inakuziba masikio. Tafuta iliyoandikwa EN 1077 au ASTM F2040, ambavyo ni viwango vya usalama vya helmeti za theluji, na iwe mpya, kwa sababu ufa ulio ndani ya povu huwezi kuuona sokoni. Ongeza vikinga vya vifundo vya mikono. Anayeanza akianguka hutanguliza viganja, na vifundo ndivyo huvunjika.

Ni lazima nivuke bahari? Mlima Kenya si una barafu? – Msomaji, Nyalenda

Mlima Kenya usiufikirie. Barafu iliyobaki ni kidogo, imezungukwa na mawe. Lesotho kuna Afriski, kwenye milima ya Maluti, juu ya mita 3,000, na msimu wake ni kama Juni hadi Agosti. Ubao na buti hukodishwa palepale, kwa hivyo piga hesabu ya nauli kwanza. Hiyo ndiyo itakayokula mfuko wako.