Chasisi inawaka, kompyuta haioni kitu

SWALI: Nimefunga kadi ya PCIe-8361 kwenye kompyuta na PXIe-8360 kwenye chasisi ya PXI Express (sanduku la moduli za vipimo), nikaziunganisha kwa kebo ya MXI-Express. Feni za chasisi zinazunguka, ila Windows haionyeshi moduli hata moja. Kosa liko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na mpangilio wa kuwasha, maana hapo ndipo wengi hukwama. BIOS, yaani programu inayoamsha kompyuta, hutafuta vifaa vya PCI (moduli zako zikiwemo) pale kompyuta inapowaka tu; chasisi ikichelewa, imeachwa nje. Zima vyote. Washa chasisi kwanza, kisha kompyuta. Ukizima, anza na kompyuta. Na tafadhali sana, usichomoe kebo vyombo vikiwa vimewaka: kompyuta inaweza kuganda na data ya kipimo ikapotea.

Bado? Tazama taa ya LINK kwenye PXIe-8360. Isipowaka, shida ni ya kushikika: sukuma kichwa cha kebo mpaka kijifunge, hakikisha PXIe-8360 imo kwenye sloti namba 1 na skrubu zake zimekazwa, kisha jaribu kebo nyingine.

Taa ikiwaka na moduli zisionekane, sasa shuku BIOS. Baadhi ya BIOS haziwezi kugawa nafasi kwa madaraja mengi ya PCI, yaani viungo vinavyopeleka mawasiliano hadi kwenye moduli. Dalili yake ni alama ya njano yenye msimbo 12 kwenye orodha ya vifaa ya Windows (Device Manager). Sasisha BIOS, kisha sakinisha programu ya kampuni ya NI (National Instruments) iitwayo MXI-Express BIOS Compatibility Software.