Re: Nakshi ya mlango wa Zanzibar inafutika kwenye kidani

Salaam ndugu. Umesema umechonga nakshi ya mlango wa Mji Mkongwe kwenye kidani cha fedha chenye urefu wa sentimita 4, na ukishakingʼarisha maua yanafutika.

Kabla ya kulaumu vifaa, piga hesabu. Mlango wa mita 2 umeupunguza mara 50, kwa hiyo mfereji wa milimita 10 kwenye mbao unabaki milimita 0.2. Huo ni rahisi kufutika ukikingʼarisha sana. Mimi niliharibu vidani viwili hivyohivyo.

Siku hizi nachukua mifupa ya mlango tu: nakshi ya mnyororo kwenye fremu, mfaa (ubao wa wima) unaogawa katikati, na ua moja juu. Misumari ya shaba naigeuza vitone vya fedha, navilehemu kimoja kimoja. Kati yake acha patupu kabisa. Hata mafundi wa milango huacha mbao tupu ili nakshi ionekane.

Ukishangʼarisha, kifungie kidani kwenye kopo pamoja na yai la kuchemsha lililopondwa. Fedha itaingia weusi. Halafu sugua palipoinuka tu, mifereji ibaki na weusi wake.