Nani amebaki na chungu?

Swali lenu la wiki iliyopita liliuliza: "Chungu cha umeme kinachopika chenyewe ukiwa kazini, je, kinaua mapishi ya nyumbani?" Nililisoma kwenye basi alfajiri, nikalirudia wakati wa mapumziko, na jioni nikaona sitalala bila kulijibu.

Kwetu ni Marangu, Kilimanjaro. Huu ni mwaka wa tisa naishi Des Moines, jimbo la Iowa, na kazi yangu ni kulea wazee, zamu ya asubuhi. Mume wangu anaendesha lori, wiki nzima yuko barabarani. Kwa hiyo chungu hicho ninacho, na nimekitumia kuliko wengi watakaowaandikia.

Msimamo wangu ni kwamba ndiyo, kinaua, hasa kwa chakula ambacho kila mwenyeji wa huku atakufundisha mwezi wa kwanza tu: chopsi za nguruwe, yaani vipande vya nyama vyenye mfupa, na mboga. Iowa ni nchi ya nguruwe. Watu ni milioni 3 na ushee, nguruwe wanapita milioni 20. Buchani kuna kipande kinaitwa Iowa chop, kimekatwa mgongoni pamoja na mfupa wake, unene unapita inchi moja. Ni nyama nzuri sana, na ndiyo maana inaniuma kuona inavyotendewa. Nyama ya mgongo haina mafuta mengi wala kano. Wizara ya Kilimo ya Marekani inasema tangu 2011 kwamba kipande cha nguruwe kikifika nyuzi 63 za Selsiasi katikati, kisha kikapumzika dakika 3, kimeiva na ni salama. Kabla ya hapo walitaka 71. Sasa chungu cha umeme, hata ukikiweka kwenye moto mdogo, mchuzi wake mwishoni unakaribia kuchemka. Nyama iliyopaswa kuishia 63 inashinda humo kutwa nzima. Inatoka kavu, nyuzinyuzi, hata kama imelala ndani ya mchuzi.

Halafu linganisheni na kitimoto, ile nyama ya nguruwe ya kukaanga tunayoijua sisi. Kitimoto unakisimamia. Unasikia mafuta yanavyolia, unageuza, unakamulia ndimu, ndizi ziko pembeni, kachumbari inasubiri. Nani amewahi kula kitimoto ambacho hakuna mtu aliyekiangalia?

Nilitaka niishie hapo. Lakini nikiandika namkumbuka baba mkwe wangu, na sasa lazima niwasimulie.

Alikuja kututembelea Novemba, akakaa miezi mitatu. Mzee wa miaka sabini na kitu, ndege yake ya kwanza, theluji yake ya kwanza. Wiki ya pili nikaamua kumpikia chakula cha huku. Usiku nikamenya viazi na karoti, nikavipanga chini kwenye chungu, maana mboga ngumu huiva polepole kuliko nyama na chini ndiko karibu na moto. Juu nikaweka chopsi sita nilizozipaka kitunguu saumu, tangawizi na limau, nikamwagia kikombe kimoja cha maji. Nikakiweka kwenye friji. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi nikawasha moto mdogo, nikamwandikia karatasi: "Baba, chakula kitakuwa tayari nikirudi. Usihangaike." Nikatoka.

Nikarudi saa tisa na nusu. Nilipofungua mlango sikusikia harufu niliyoitegemea. Baba ameketi kwenye kiti cha jikoni, amekisogeza mpaka kwenye chungu, koti amevaa. Mwiko umelazwa juu ya kitambaa, umelowa. Birika la umeme bado lina moto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Huu moto wako haupandi."

Alikuwa amefunua kifuniko kila baada ya muda mfupi, tangu asubuhi. Kila akifunua mvuke unatoka, na chungu cha aina hii kikifunuliwa mara moja tu kinahitaji dakika 20 au 30 kurudisha joto lake. Akiona hakichemki, anafunua tena. Akihofia kitaungua, anaongeza maji ya birika. Maji yalikuwa yamefika ukingoni. Viazi nilivichoma kwa uma, katikati vilikuwa vigumu kama vilivyoingia. Chopsi zilikuwa nyeupe, zinaelea.

Nilikuwa nimesimama kwa muda wa saa nane nikiwageuza wazee vitandani. Hasira ilinipanda hadi kooni. Lakini ni baba mkwe, nitasema nini? Nikavua viatu polepole, kimoja, kingine. Yeye akaniangalia akasema, "Mama, nyama haiachwi peke yake ndani ya nyumba. Ni kama umemwacha mtoto mchanga."

Nikazitoa zile chopsi, nikazikausha kwa karatasi, nikaweka kikaango jikoni, mafuta yakapata moto nikazitia. Hapo ndipo nyumba ikanukia. Baba akasimama bila kuambiwa, akachukua koleo, akawa anageuza yeye. Viazi na karoti nikavihamishia kwenye sufuria pamoja na maji yake yote, moto mkali, mpaka mchuzi ukapungua ukawa mzito. Nikakatakata kabichi nikaitupia dakika za mwisho. Tulikula saa moja usiku. Alikula viazi kuliko nyama, akaufuta mchuzi na mkate.

Baada ya chakula akaanza kusimulia habari za mama yake. Alikuwa anateleka maharage kwenye chungu asubuhi, anafunika kwa jani la mgomba, anapunguza kuni kwenye mafiga, kisha anashuka kutafuta majani ya ng'ombe. Anarudi jua linapinda, amebeba mzigo kichwani, maharage yameiva, anatia ndizi.

Nikamuuliza, "Sasa baba, si aliacha chungu peke yake?"

Akanyamaza. Halafu akasema, "Hakikuwa peke yake. Niliachiwa mimi. Niliambiwa nichochee kuni, nisifunue."

Mzee wa miaka sabini alikuwa amekaa kutwa jikoni kwangu akifanya kazi aliyopewa akiwa na miaka sita. Tofauti ni kwamba hapakuwa na kuni za kuchochea, basi akafunua. Hasira yangu yote iliisha pale mezani, na sijui niwaelezeje zaidi ya hivyo.

Nikamweleza chungu chenyewe kilikotoka. Kuna mhandisi wa Chicago aliyeitwa Irving Naxon, alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya chungu chake cha kupikia maharage mwaka 1940. Wazo alilitoa kwa mama yake, Myahudi aliyekulia Lithuania. Siku ya Sabato hawawashi moto, kwa hiyo Ijumaa kabla jua halijazama chungu cha maharage na nyama kilipelekwa kwenye tanuri la mwoka mikate, kikalala humo na joto lililobaki, kesho yake kinafuatwa kimeiva. Kampuni nyingine ilikinunua kile chungu, ikakiuza kwa jina la Crock-Pot kuanzia 1971, wakati wanawake wengi wa Marekani walikuwa wanatoka kwenda kazini. Baba alisikiliza, akatikisa kichwa. "Basi na wao walimwachia mwoka mikate."

Wiki iliyofuata nilimpa kazi. Kwanza twende wote buchani. Alipita kwenye zile Iowa chop bila kuzigusa, akanyoosha kidole kwenye vipande vya bega, vyenye mafuta na kano. Yuko sahihi kabisa. Zile kano zikikaa kwenye moto wa polepole kwa saa nyingi zinayeyuka, ndizo zinazoufanya mchuzi ushike kwenye midomo. Asubuhi nikapanga viazi, karoti, nyama juu, nikawasha. Yeye kazi yake ilikuwa moja: saa nane mchana atie kabichi na hoho, afunike upesi, asifunue tena. Niliporudi alinipokea mlangoni akasema, "Nimefunua mara moja tu." Ile nyama iliachana na mfupa kwa kijiko, na kabichi ilikuwa bado na rangi yake.

Alitaka pia tutie maharage mekundu kama mama yake. Hapo nilikataa mpaka niyachemshe kwanza, nanyi msomao shikeni hili: maharage mekundu mabichi yana sumu inayohitaji mchemko mkali kuiondoa, na moto mdogo wa chungu hiki unaweza usitoshe. Yaloweke, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu nusu saa, ndipo yaingie. Na nyama iliyoganda isitiwe humo kabla haijayeyuka, maana itakaa vuguvugu muda mrefu mno.

Kwa hiyo nijibu swali. Niliposhika kalamu nilisema kinaua. Sasa naona nilikuwa naushtaki moto kwa kosa la nyumba yenye watu wasiokutana. Mwenye zamu kama yangu, na watoto wanaofika kabla yake, akinunue. Ananunua chakula cha moto saa tisa na nusu, na hicho si kidogo. Lakini chopsi za mgongo asitie. Azikaange jioni, dakika kumi zinatosha. Ila kama hana la kufanya, azitie zikiwa nene, na azitoe baada ya saa tatu au nne, jambo ambalo mtu wa zamu hawezi. Naona najipinga, na sina namna ya kulinyoosha hili.

Baba alirudi Marangu Februari. Kabichi sasa naiweka pembeni, imekatwa tayari kwenye bakuli, naitia mwenyewe nikirudi na kusubiri nusu saa nikiwa nimekaa kwenye kile kiti. Jumapili akipiga simu huuliza habari za watoto, halafu za theluji, halafu huuliza leo chungu amebaki nacho nani.