Kuhusu upasuaji wa jasho la viganja

Ndugu yangu, nimekuelewa. Mtu anayeshona kofia kwa mkono pale Lamu, ambaye kitambaa cheupe humlowa kwa jasho la viganja na kuingia madoa kabla hajamaliza safu moja ya nakshi, hawezi kufanya kazi kwa raha, na si ajabu kwamba unauliza kuhusu upasuaji wa kulizuia jasho hilo.

Upasuaji huo hufanywa kwa nusukaputi: daktari hupitisha kamera ndogo karibu na kwapa, kati ya mbavu, akakata au kubana mshipa wa fahamu unaoziamrisha tezi za jasho. Kwa wagonjwa walio wengi viganja hukauka karibu papo hapo. Kwa nyayo, matokeo si ya kutegemewa. Lililo zito ni kwamba wengi huanza kutoka jasho jingi mgongoni, tumboni na mapajani, na wapo wanaolowa kanzu nzima wakajuta, kwa kuwa mshipa uliokatwa hauungwi tena kwa urahisi. Kwa joto la kaskazi huko kwenu, lipime sana hilo. Mara chache kope hulegea, au hewa huvuja kifuani.

Mimi ningeanza na dawa ya kupaka ya alumini kloraidi, usiku, viganja vikiwa vikavu. Kisha matibabu ya kifaa kinachopitisha umeme mdogo kwenye viganja vikiwa majini, au sindano za botoksi, dawa inayozizuia tezi zisiamrishwe kutoa jasho, ambazo hudumu miezi kadhaa tu (na bei yake si mchezo). Mwombe daktari wa ngozi akupime pia sukari na tezi ya shingo (thairoidi). Ukiona jasho la usiku pamoja na kukonda au kikohozi, usingoje, nenda hospitali.