Maswali ya Wasomaji: Kwa nini wahakiki waliikunjia uso filamu ya Freddie Mercury?

Barua za safari hii nyingi zinahusu Bohemian Rhapsody, filamu ya 2018 ya maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji na mtunzi wa kundi la Queen. Tumechagua nne.

Wahakiki waliiponda, lakini ikazoa Oscar nne. Nani tumwamini? (Msomaji, Dodoma)

Kwanza tupunguze chumvi, ndugu yetu: hawakuiponda, waligawanyika. Kwenye tovuti zinazokusanya maoni ya wahakiki, Rotten Tomatoes iliipa asilimia 60 hivi, Metacritic ikaipa 49 kwa 100. Namba hizo zinapima vitu viwili tofauti. Ya kwanza inasema kati ya wahakiki kumi, sita waliipokea vizuri, hata kama kila mmoja aliipenda kidogo tu. Ya pili ni wastani wa alama zenyewe. Filamu ambayo wengi wanaiona "si mbaya" hupata namba nzuri kwenye ya kwanza na namba hafifu kwenye ya pili.

Sasa tazama Oscar zenyewe: mwigizaji bora wa kiume (Rami Malek, aliyeigiza Freddie), uhariri wa picha, uhariri wa sauti na uchanganyaji wa sauti. Hakuna ya uandishi wala ya uongozaji. Wahakiki nao walimsifu Malek na tamasha la mwisho, wakalaumu maandishi. Ugomvi wa kweli ulikuwa juu ya tuzo ya uhariri wa picha. Tafuta kipande ambacho Queen wanakutana na meneja John Reid, wamekaa nje mezani. Gonga meza kila picha inapobadilika, mkono utachoka. Picha inarukia uso wa mtu ambaye hata hajasema neno, na baada ya muda hujui tena nani anamtazama nani. Mhariri John Ottman mwenyewe alikiri hadharani kwamba kipande hicho kinamtia aibu: kilikatwakatwa ili hadithi ikimbie. Kumbuka pia kwamba mwongozaji Bryan Singer alifukuzwa Desemba 2017 kazi haijaisha, akamaliziwa na Dexter Fletcher.

Filamu si kitabu cha historia. Makosa ya miaka yanamsumbua nani? (Mwanafunzi wa chuo, Nairobi)

Mengine hayamsumbui mtu, na hayapaswi. Fat Bottomed Girls ni ya 1978, filamu imeiweka kwenye ziara ya kwanza ya Marekani ya 1974. We Will Rock You ni ya 1977, lakini tunaonyeshwa ikibuniwa mwaka 1980, Freddie tayari ana masharubu. Ray Foster, bosi wa kampuni ya rekodi anayeukataa wimbo wa Bohemian Rhapsody kwa kuwa ni mrefu, hakuwahi kuwapo. Rocketman ya 2019, filamu ya maisha ya mwanamuziki Elton John ambayo Fletcher huyohuyo aliiongoza, inafanya hivyohivyo: Elton anapiga Crocodile Rock katika ukumbi wa Troubadour mwaka 1970, na wimbo huo ulitoka 1972. Wahakiki hawakulalamika sana, kwa sababu Rocketman inajitangaza mapema kwamba ni kumbukumbu na ndoto. Watu wanaelea hewani! Bohemian Rhapsody inajivika ukweli. Jukwaa la Wembley, la tamasha la hisani la Live Aid linalofunga filamu, limenakiliwa hadi vikombe vya Pepsi juu ya piano. Ukishamwaminisha mtazamaji kwa vikombe, umejifunga kumwambia kweli na katika makubwa.

Makubwa yenyewe ni mawili. Filamu inasema Freddie aliwatelekeza wenzake ili atoe albamu yake peke yake, kundi likavunjika, kisha Live Aid ya 13 Julai 1985 ikawarudisha pamoja. Queen hawakuvunjika. Mpiga ngoma Roger Taylor alikuwa ametoa albamu zake mwaka 1981 na 1984, mpiga gitaa Brian May naye albamu yake fupi 1983, na kundi lilikuwa ziarani hadi Mei 1985, miezi miwili tu kabla ya Wembley. La pili, Freddie anawaambia wenzake kuhusu virusi vya UKIMWI kabla ya tamasha hilo, ilhali mwenzi wake Jim Hutton alieleza kwamba vipimo vilithibitisha mwaka 1987.

Hapo ndipo lawama ilipokuwa kali, na sisi tunaiunga mkono. Makosa haya mawili yanaelekea upande mmoja: Freddie anakuwa mwana mpotevu anayerudi kuomba radhi, na ugonjwa unawekwa pale ili machozi yatoke kwa wakati. May na Taylor walishiriki kusimamia filamu hii, kwa hiyo wahakiki walikuwa na haki ya kuuliza ni nani anayepambwa.

Mbona Zanzibar haionekani? (Msomaji, Malindi, Unguja)

Kwa sababu hadithi inaanzia London, 1970. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akasoma India, akarudi, na familia ikaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Hakuna onyesho hata moja la huko. Kilichobaki ni nyumba ya wazazi na baba anayesisitiza msingi wa dini yao ya Kizoroasta: mawazo mema, maneno mema, matendo mema. Wahakiki kadhaa waliona pengo hilo, nasi tunaliona kubwa.

Nataka kuhakiki filamu za wanamuziki redioni, dakika tano. Niangalie nini? (Mtangazaji, Mombasa)

Itazame mara mbili, kaka. Mara ya kwanza usiandike kitu. Mara ya pili chora safu tatu: wimbo kwa mpangilio wa filamu, mwaka uliotoka, na nani aliyeutunga. Safu ya tatu ndiyo inayosahaulika. Another One Bites the Dust ni ya mpiga besi John Deacon, Radio Ga Ga ya Taylor, We Will Rock You ya May. Usimpe Freddie zote.

Kisha jiulize kama kazi ya kutunga inaonekana. Kipande cha studio ya Rockfield, 1975, ni kizuri: Taylor anarudishwa tena na tena aimbe "Galileo" juu zaidi, na hivyo ndivyo sauti zilivyorundikwa tabaka kwa tabaka kwenye tepu ya njia 24. Lakini huko ni kurekodi. Kutunga kwenyewe tunapewa noti chache za piano na jicho lenye machozi, na hilo kwa filamu ya mtunzi ni upungufu wa kutaja hewani.

Usiseme "Malek ameimba vizuri". Sauti unayoisikia imechanganywa: Freddie mwenyewe, Marc Martel (mwimbaji mwenye sauti inayofanana na ya Freddie), na Malek kidogo. Msifu kwa mwili, pumzi na macho.

Mwisho, linganisha Live Aid ya filamu na ile halisi ya dakika 21 hivi. Toleo la sinema liliacha Crazy Little Thing Called Love na We Will Rock You, ingawa zilipigwa picha. Tenga dakika moja kwa hadithi, mbili kwa muziki, moja kwa ukweli uliopindishwa na kwa faida ya nani, na ya mwisho useme wazi ni msikilizaji gani aende kuitazama.