Jeli ya kudungwa na chembe za nano: zinafanyaje kazi ndani ya uvimbe wa saratani?

Swali: Nimesoma kuhusu jeli inayodungwa moja kwa moja ndani ya uvimbe wa saratani ikiwa imebeba chembe za nano (chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho) zenye dawa. Kwa nini vitu hivi viwili vichanganywe ikiwa kila kimoja kinaweza kubeba dawa peke yake? Na je, mama yangu, ambaye saratani yake ya matiti imekwisha kufika kwenye ini, anaweza kutumia tiba hiyo badala ya dawa za dripu?

Jibu: Nianze na sehemu ya mwisho, kwa kuwa ndiyo yenye haraka. Hapana. Jeli ya namna hii hutibu pale ilipodungwa na eneo dogo linalopazunguka, ilhali saratani iliyosambaa huhitaji dawa inayosafiri na damu hadi kila mahali seli zake zilipojificha, pamoja na zile ambazo picha za hospitali bado hazijazionyesha. Nakuomba sana mama aendelee na matibabu aliyopangiwa, wala asiyasimamishe kwa kusubiri jeli.

Sasa tuje kwenye utaalamu wenyewe. Mwaka 1986 watafiti wa Japani, Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda, walieleza kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja kuliko ya kawaida, hivyo molekuli kubwa hupenya na kubaki humo. Matumaini yalikuwa makubwa, na dawa za nano za kudunga kwenye mshipa zikafuata: dawa ya saratani ya doksorubisini iliyofungwa ndani ya vifuko vya mafuta iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, na nyingine, paklitakseli, iliyoshikamanishwa na protini ya albumini mwaka 2005. Dawa hizo zina manufaa ya kweli. Hata hivyo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya tafiti za miaka kumi zilizofanywa kwa wanyama, ulionyesha kuwa katika nusu ya tafiti hizo kiasi cha chembe kilichofika kwenye uvimbe hakikuzidi asilimia 0.7 ya dozi iliyodungwa. Sehemu kubwa ya zilizobaki hunaswa na ini na wengu.

Basi kwa nini dawa isidungwe tu ndani ya uvimbe ikiwa katika hali ya maji? Imejaribiwa, na tatizo ni kwamba shinikizo la maji ndani ya uvimbe huwa juu kuliko kwenye tishu za jirani, kwa hiyo kimiminika husukumwa nje kupitia njia ya sindano na kingo za uvimbe, kisha kikachukuliwa na damu. Jeli hutatua jambo hilo. Zipo polima (molekuli ndefu kama minyororo) ambazo zikiwa baridi hutiririka kwenye sindano, na zikifikia joto la mwili la nyuzi 37 huganda palepale. Poloksama ni mfano unaotumika sana. Alginati, inayotokana na mwani, huganda inapokutana na kalisiamu. Nyingine huwa jeli tangu mwanzo, hulegea zinaposukumwa kwenye sindano, kisha hujirudi baada ya kutoka.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Jeli ni wavu wa polima uliojaa maji, na matundu yake kwa kawaida yana upana wa nanomita chache hadi makumi kadhaa, wakati molekuli ya dawa nyingi za saratani ina upana wa takriban nanomita moja (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Dawa ikichanganywa peke yake hupita kwenye wavu huo kama dagaa kwenye nyavu za samaki wakubwa, na sehemu kubwa yake inaweza kumwagika katika saa za mwanzo. Dawa hiyo ikifungwa kwanza ndani ya chembe yenye upana wa nanomita 100, chembe hunaswa, na dawa hutoka kwa hatua mbili: kwanza kutoka kwenye chembe, kisha kutoka kwenye jeli. Mtaalamu anaweza hata kupanga dawa mbili zitoke kwa nyakati tofauti, mojawapo ikiwa huru ndani ya jeli na nyingine ikiwa ndani ya chembe. Kwa maoni yangu, uwezo huu wa kupanga muda ndio faida kubwa zaidi ya mchanganyiko huo.

Zipo pia chembe ambazo zenyewe ni tiba. Oksaidi ya hafniamu hudungwa ndani ya uvimbe kabla ya tiba ya mionzi. Kwa kuwa atomi zake ni nzito, hufyonza mionzi mingi na kurusha elektroni zinazoharibu seli za jirani. Katika jaribio la wagonjwa 180 wa saratani ya tishu laini, uvimbe uliokatwa baadaye ulikutwa na seli hai zisizozidi asilimia 5 kwa asilimia 16 ya waliodungwa chembe hizo, dhidi ya asilimia 8 ya waliopata mionzi peke yake. Chembe za oksaidi ya chuma nazo, zikidungwa kwenye uvimbe wa ubongo, hupashwa joto kwa uga wa sumaku unaobadilikabadilika ili kuua seli za saratani, lakini chuma kikishabaki kichwani, picha za MRI za ubongo huharibika. Hilo si jambo dogo kwa mgonjwa anayepaswa kufuatiliwa kwa picha.

Kuhusu yaliyokwisha kufika kwa wagonjwa, mfano ulio wazi ni jeli ya dawa ya saratani iitwayo mitomaisini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa saratani ya daraja la chini (isiyo kali) katika njia ya juu ya mkojo, yaani ndani ya figo na mrija wa kutoka figo hadi kibofu. Huingizwa kwa mrija ikiwa baridi, mara moja kwa wiki kwa wiki sita, huganda, kisha mkojo huiyeyusha polepole. Katika jaribio lake, uvimbe ulitoweka kwa wagonjwa 42 kati ya 71, ingawa kusinyaa kwa mrija huo wa kutoka figo hadi kibofu kulikuwa athari ya mara kwa mara. Zingatia kwamba jeli hiyo haina chembe za nano. Mchanganyiko uliousoma, kwa sehemu kubwa, bado uko maabara na kwa wanyama.

Kutoka panya hadi binadamu kuna pengo ambalo habari nyingi hulipita haraka mno. Dawa inayotoka kwenye jeli husambaa milimita chache tu. Hizo zinatosha uvimbe wa panya, lakini katika uvimbe wa binadamu wa sentimita tano huacha maeneo mazima bila kuguswa. Wapo watafiti wanaoweka ndani ya jeli dawa za kuamsha kinga ya mwili ili seli za kinga zikashambulie na vivimbe vya mbali, na kwa panya hilo limewahi kufanikiwa. Mbinu hiyo ndiyo ingemhusu mama, kwa hiyo mwulizeni daktari wake kama kuna jaribio la kitabibu linalopokea wagonjwa wa saratani ya matiti iliyosambaa, na kama washiriki huendelea kupewa dawa zao za kawaida.